Maua Meupe ya Mama Brashi

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu katika kitalu cha mbegu, asanteni kwa kuja. Wasifu huu unasomwa na binti yake mkubwa. Mtaona kwamba ni mrefu kuliko ule uliochapwa kwenye karatasi mlizo nazo mkononi. Ule uliochapwa ulipita kwanza kwa mume wa marehemu, naye akaupunguza. Huu ndio ambao marehemu mwenyewe aliuagiza akiwa kitandani, aya kwa aya, kisha akataka asomewe ili ahakikishe kwamba umeandikwa kama alivyosema. Tunawaomba muusikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa kifungua mimba wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa peke yake, mpaka wazazi wakawa wamekwisha kukata tamaa, ndipo tarehe 2 Agosti 1968 akazaliwa mdogo wake wa kiume. Mtoto yule alipewa jina zuri la babu yake, lakini halikudumu. Alipopata meno ya mbele tu alianza kupiga mluzi, na tangu hapo hakunyamaza: akila anapiga mluzi, akioga anapiga mluzi, akichapwa analia kidogo kisha anaendelea pale alipoachia. Watu wakamwita Mluzi. Mama yao alipofariki mwaka 1974, Mluzi alikuwa na miaka sita, na dada yake ndiye aliyembeba, akamfulia, akamtafutia viatu. Marehemu alikuwa akisema kwamba alizaa watoto watatu lakini alilea wanne.

Masomo ya msingi aliyaanza mwaka 1964 na ya sekondari aliyamaliza mwaka 1975. Alikuwa na akili nyepesi ya sayansi, na mdomo mwepesi pia. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore ua dogo liitwalo usinisahau, lile la petali tano na jicho la njano katikati, ambalo lilikuwa limejaa kando ya mfereji wa shule. Wenzake wote walipaka buluu. Yeye alipaka matumba, yale maua ambayo hayajafunguka, rangi ya waridi, akapata sufuri.

"Hili ni ua la buluu," mwalimu akamwambia. "Wewe hiyo waridi umeitoa wapi?"

 Msichana alitoka darasani bila ruhusa, akarudi na tawi lenye tope, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. Matumba yalikuwa ya waridi, yaliyofunguka jana yalikuwa ya zambarau, na yaliyokomaa ndiyo yalikuwa ya buluu.

"Mwalimu, hili huzaliwa hivi," akasema. "Tatizo ni kwamba mnaliangalia likishakuwa kubwa."

Alichapwa kwa kutoka bila ruhusa, kisha akapewa alama zake. Hadithi hiyo imo katika karatasi zenu, kwa sababu haimdhuru mtu.

Mwezi Februari 1976 aliajiriwa katika kitalu cha mbegu za maua, kwanza kama mmwagiliaji, baadaye kama mteuzi wa mbegu. Mwaka 1986 alikabidhiwa tuta la usinisahau, na hapo ndipo alipopata kazi ya maisha yake. Waliofanya kazi naye wanajua, lakini wengine wenu hamjui, na ni lazima muelewe jambo hili ili muelewe yatakayofuata. Ua la usinisahau hujipanda lenyewe. Likishamaliza kuchanua, shina hukauka, huwa jeusi na baya, na mwenye haraka huling'oa. Mwenye kujua huliacha. Mbegu zake nyeusi, ndogo kama chembe za mchanga, humwagika zikakaa udongoni zikisubiri mvua, nazo huota kwa furaha zaidi mahali ambapo udongo umechimbuliwa. Ukipanda mara moja umepanda maisha.

Tatizo ni rangi. Katika mamia ya buluu hutokea moja la waridi, na mara chache sana moja jeupe. Ukiyaacha hayo yajipande pamoja na wenzake, baada ya misimu mitatu minne yote yanamezwa na buluu. Kwa hiyo mteuzi hupita tuta kila asubuhi ya msimu wa maua na kung'oa kila shina la buluu kabla halijatoa mbegu. Wala huwezi kulitambua kwa jani; ni lazima ungoje lichanue, na hata likichanua ungoje siku mbili tatu, maana ua hubadilika. Marehemu alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kufikia mwaka 1997 alikuwa na tuta moja la meupe matupu, meupe kama chumvi, na hakukuwa na meupe mengine popote isipokuwa katika tuta lile.

Jina la Mama Brashi lilitoka hapo. Mbegu za usinisahau hung'ang'ania nguo, hasa za sufu, na mtu mmoja asiye na adabu anaweza kuharibu tuta la jirani kwa pindo la suruali yake. Basi marehemu alitundika brashi ya nguo kwenye msumari langoni, na hakuna aliyetoka katika tuta lake bila kupigwa brashi kuanzia kola hadi kisigino. Alimpiga brashi meneja. Alimpiga brashi mkaguzi wa serikali aliyekuja na suti mpya, huku mkaguzi akisema ana haraka. Hata daktari aliyekuja kumwona nyumbani mwaka jana, marehemu akiwa hoi alimwambia, "Mwanangu, geuka kwanza nikuone mgongoni."

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, alifunga ndoa na fundi wa pampu wa kitalu, na wakapewa nyumba ya wafanyakazi iliyo karibu na uzio wa nyuma. Mume wake alikuwa fundi hodari. Pampu iliyowashinda wengine ilimtii yeye. Walijaliwa watoto watatu: wa kiume mwaka 1982, na wa kike wawili, mwaka 1988 na 1991. Katika karatasi zenu imeandikwa kwamba waliishi kwa amani na upendo kwa muda wa miaka arobaini na mitatu. Marehemu aliomba sentensi hiyo isisomwe. Aliomba isomwe kwamba mwezi Novemba 1996 mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili, kwamba kadi ya zahanati iliandikwa "alianguka", na kwamba hakuanguka.

Mluzi wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane, naye pia alifanya kazi kitaluni, katika tuta la dada yake. Hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini alipouona ule mkono umefungwa, aliacha kupiga mluzi kwa siku nzima, na jioni alimfuata shemeji yake mbele ya stoo, watu wakisikia.

"Shemeji, nakuheshimu," akasema. "Ila ukimgusa tena dada yangu, tutaonana mimi na wewe."

Mtunza stoo, ambaye yupo hapa leo na amekula yamini kwamba atayarudia maneno hayo popote atakapoulizwa, anasema yule shemeji alitabasamu tu. Kisha akaendelea kufuta mafuta mikononi.

Alhamisi, tarehe 6 Februari 1997, ilikuwa siku ya kukung'uta mbegu. Mashina makavu ya meupe yalikuwa yamelazwa juu ya turubai, na Mluzi, ambaye alikuwa amevaa koti lake kuukuu lenye kola ya sufu, alikuwa ameyakumbatia mashina mafungu mafungu, akiyatikisa na kupiga mluzi. Alikuwa amejaa mbegu mpaka nyusi. Saa tisa alasiri mume wa marehemu alifika langoni, akamwita waende wakasaidiane kuinua pampu iliyokwama kisimani, upande wa nyuma.

Mluzi alitoka mbio mbio.

"Brashi!" dada yake akapaza sauti.

"Narudi sasa hivi, dada!"

"Mluzi, brashi kwanza! Hutoki hivyo."

"Mwache bwana," mume wake akasema. "Tunachelewa. Ni mbegu tu."

Wakaondoka. Marehemu alikasirika kwa sababu ya mbegu. Aliwaambia wanawe kwamba kati ya yote yaliyomtesa baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba mara ya mwisho kumwona mdogo wake alikuwa amemkunjia uso kwa ajili ya koti.

Mluzi hakurudi. Mume alirudi saa kumi na mbili, akasema pampu imeinuliwa na kwamba Mluzi amepata lifti, amekwenda mjini kutafuta kazi ya maana. Halafu akaenda kwenye jiwe la kufulia, nje ya mlango wa nyuma, akafua suruali na shati lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Marehemu alisimama dirishani akimtazama, sahani mkononi. Alimwuliza kama amletee maji mapya. Akamjibu, "Nimeshamaliza."

Taarifa ilipelekwa kituo cha polisi baada ya siku nne. Iliandikwa kwamba mtu mzima ameondoka kwa hiari yake. Barua haikuja, salamu haikuja. Miaka ilipopita watu walimwambia marehemu kwamba vijana ndivyo walivyo, wakishaonja mji wanasahau kwao, naye alikuwa akitikisa kichwa kama anayekubali.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Mwezi Oktoba 1997 usinisahau zilichanua kila mahali, kando ya mifereji, chini ya uzio, zote za buluu kama kawaida. Asubuhi moja ya Jumapili marehemu alikwenda nyuma kutafuta udongo wa miche, katika shimo la zamani ambalo kitalu kilikuwa kikichimba udongo na ambalo tayari lilikuwa limeanza kufukiwa. Shimo lile liko hatua mia mbili na kumi kutoka mlango wa nyuma wa nyumba yake. Pale alikuta maua meupe. Hayakuwa moja wala mawili. Lilikuwa fungu lenye urefu wa mtu aliyelala, limebanana, meupe kama chumvi, juu ya udongo uliochimbuliwa.

Alikaa chini. Alijaribu kwanza kuwaza upepo, lakini upepo haubebi mbegu ile. Aliwaza mbuzi. Ndipo alipoinua macho akaona kwamba meupe hayakuishia pale. Moja lilikuwa hatua tatu mbele, jingine hatua tano, mawili pamoja pale ambapo mtu angesimama kupumzika, yakifuata njia ya miguu kutoka shimoni kwenda nyumbani. Aliyafuata. Yalipita chini ya kamba ya nguo na kukoma kwenye jiwe la kufulia, mahali maji ya sabuni yanapomwagwa, ambapo yalikuwa yameota kwa wingi. Mbuzi haendi kwenye jiwe la kufulia. Aliyetoka shimoni alikuwa amembeba au amemkumbatia mtu mwenye koti lililojaa mbegu, naye alikuja moja kwa moja mpaka mlango wake.

Binti yake mkubwa alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka kwamba mama yake alimwamsha kwa sauti ya chini, akampa ndoo, akamwambia wang'oe maua njia nzima kabla baba hajarudi kutoka kwenye zamu.

"Mama, haya ni meupe," mtoto akasema. "Si huwa tunang'oa ya buluu?"

"Leo tunang'oa meupe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Na yale ya kule shimoni?"

Mama yake alimshika mabega. "Yale usiyaguse. Wala usiyataje. Umenisikia?"

Mtoto alisikia. Walijaza ndoo mbili, na marehemu akazichoma pamoja na takataka za jikoni. Mchana baba alirudi, akanawa mikono, akala, akauliza nani amefagia njia vizuri hivyo. Kwa miaka ishirini na sita binti huyo alidhani kwamba siku ile alicheza mchezo wa ajabu na mama yake.

Tangu mwaka huo hadi mwaka jana, kila msimu wa maua, marehemu alikwenda shimoni na kung'oa ya buluu. Ninyi majirani mlimwona na kumtania, mkisema kitalu kilishafungwa tangu 2011 lakini Mama Brashi bado anatafuta cheo. Alicheka pamoja nanyi. Kama angeacha misimu mitatu tu, buluu ingeingia, fungu lingefanana na mengine yote, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza tena kusema ni wapi. Alijipinda pale kwa miaka ishirini na saba na mkono mmoja usionyooka, akiteua rangi, na katika daftari lake la kitalu aliandika tarehe na hesabu: buluu arobaini zimeng'olewa, waridi moja, meupe yameachwa.

Mume wake hakumpiga tena baada ya Februari 1997. Marehemu aliomba hilo lisomwe pia, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndilo lililomtia hofu kuliko kipigo.

Aliugua mapafu mwezi Aprili 2023. Alilazwa mara tatu, akahudumiwa vyema, na wauguzi tunawashukuru. Mwezi wa sita mwaka huu aliomba wanawe wawili wa kike waketi, akawaeleza yote mliyosikia. Mkubwa wao alimwuliza kwa hasira kwa nini alinyamaza.

"Nilikuwa na watoto watatu na mkono mmoja mzima," akajibu. "Nikasema mkikua nitasema. Mkakua, nikaogopa mtanichukia kwa kunyamaza."

Binti alikuwa amekasirika, na anaposoma maneno haya bado amekasirika, na anampenda mama yake mno. Yote mawili ni kweli na marehemu aliyajua yote mawili.

Mwezi Septemba, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, alisikia lori likishusha mzigo uani. Aliuliza ni nini. Mume wake alikuja mlangoni akamwambia ni saruji na kokoto, kwamba ameamua kujenga banda la kuku kule nyuma, juu ya shimo la zamani, lenye sakafu nzito ili panya wasipenye.

"Kuku wangapi?" marehemu akamwuliza.

"Tutaona," akasema. "Wewe pona kwanza."

 Mume alipoondoka, marehemu alimwambia binti yake alete daftari. Jumatatu iliyofuata daftari lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, pamoja na kadi ya zahanati na maelezo ya mtunza stoo. Mkuu huyu ni mwingine, si yule wa zamani, na yeye alisoma kila ukurasa bila kucheka. Kabla ya kuondoka nyumbani siku aliyokuja kumhoji mgonjwa, aligeuka mwenyewe ili apigwe brashi.

Marehemu aliaga dunia Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Dirisha lilikuwa wazi. Asubuhi hiyo binti yake mdogo alikuwa amemletea tumba moja kutoka shimoni, akaliweka kwenye glasi, na marehemu alitaka kujua limetoka rangi gani. Aliambiwa jeupe. Akasema wangoje siku mbili, ua hubadilika. Leo ni siku ya tano na bado ni jeupe.

Ameacha mume, ambaye ameketi mstari wa mbele na tunamwomba aendelee kuketi. Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, na wafanyakazi wenzake wengi wa kitalu. Katika karatasi zenu, chini ya maneno "ameacha", mtaona pia imeandikwa "na mdogo wake mmoja, anayeishi mbali". Tunawaomba mlikate hilo kwa kalamu. Marehemu alisema kwamba kwa miaka ishirini na saba kila wasifu wa ukoo umemweka Mluzi kati ya walio hai, na kwamba yeye hatazikwa juu ya uongo huo. Isomwe hivi: alitanguliwa na baba yake, mama yake, na mdogo wake Mluzi, aliyefariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 1997, akiwa na miaka ishirini na minane, na ambaye bado hajazikwa.

Mkuu wa kituo amesimama pale langoni pamoja na wenzake. Amekubali kungoja mpaka udongo wa mwisho uwekwe. Kutoka hapa tutakwenda pamoja hadi nyumbani, tupite kwenye jiwe la kufulia, tuifuate njia hatua mia mbili na kumi, na wenye majembe wataanza kazi pale penye meupe. Kaburi la pili limekwisha kuchimbwa hapa kando, mnaliona, lile mlilokuwa mkinong'ona kwamba mchimbaji amekosea. Hakukosea. Dada yake aliomba awe karibu, safari hii asitoke bila kuagana naye.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.